Sura ya Saba: Misa Iliyokamilika kwenye Santuri

Kwa kawaida rekodi huja nyuma ya muziki. Kazi hupigwa kwanza mbele ya watu. Ikipendwa, ndipo kampuni hubeba maikrofoni zake na kwenda kuinasa, na anayenunua santuri hujua kuwa analetewa nyumbani jambo lililokwisha kutokea kwingine. Sura hii inahusu rekodi iliyoupindua utaratibu huo. War Requiem ya Mwingereza Benjamin Britten ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Coventry tarehe 30 Mei 1962, redio ya BBC ikirusha matangazo moja kwa moja. Hata hivyo, waliokuwapo usiku ule hawakuisikia kazi kama mtunzi alivyoipanga. Mmoja wa waimbaji wake wakuu alikuwa amezuiwa na serikali yake, na ndani ya kanisa lile jipya sauti zilikuwa zikivurugana. Ilibidi kungoja hadi Januari 1963, katika ukumbi wa Wamethodisti jijini London, ndipo kila sauti ikakaa mahali pake.

Kampuni ya Decca iliitoa rekodi hiyo Mei 1963: santuri mbili ndani ya sanduku jeusi, bila picha, jina tu kwa herufi nyeupe. Katika miezi mitano ziliuzwa nakala 200,000. Huo ndio mwaka ambao Beatles walitoa albamu yao ya kwanza, na katika mwaka huohuo misa ya wafu yenye dakika 81 hivi, sehemu kubwa ikiimbwa kwa Kilatini, ilipata wanunuzi ambao muziki mpya wa okestra haukuwahi kuwaota. Wafanyabiashara wa santuri walikuwa wamezoea kuuhesabu muziki wa aina hiyo kuwa ni sadaka kwa sanaa, si biashara. Kwa hiyo tunauliza: rekodi ile ilifanya nini ambacho onyesho lenyewe halikuweza?

Kanisa lililoungua

Usiku wa 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji wa Coventry kwa mabomu saa baada ya saa. Watu zaidi ya 500 walikufa. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, lililokuwa limesimama tangu enzi za kati, liliungua, zikabaki kuta, mnara na anga juu yake. Baada ya vita iliamuliwa kwamba magofu yaachwe kama yalivyo na kanisa jipya lijengwe ubavuni mwake. Msanifu wake alikuwa Basil Spence, na liliwekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962. Kwa ajili ya tamasha la kulifungua, Britten aliombwa kutunga kazi kubwa, akaachiwa uhuru wa kuchagua maneno.

Waliomwomba walijua wanamwomba nani. Britten alikuwa mpinga vita wa imani, wala hakuficha. Mwaka 1939 aliondoka Uingereza kwenda Marekani pamoja na mwimbaji Peter Pears, mwenzi wake wa maisha. Walirejea mwaka 1942, vita vikiwa bado vinawaka, wakajieleza mbele ya baraza lililosikiliza kesi za waliokataa kupigana, wakasamehewa kubeba silaha. Kwa hiyo kumbukumbu ya kanisa lililobomolewa kwa mabomu ilikabidhiwa kwa mtu ambaye hakukubali kwamba bomu lolote, la upande wowote, lina haki.

Naye hakuandika wimbo wa ushindi. Alichukua maneno ya Misa ya wafu kwa Kilatini, na katikati yake akapachika mashairi tisa ya Wilfred Owen, mshairi na ofisa wa jeshi la Uingereza aliyeuawa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na miaka 25, wiki moja kabla ya bunduki kunyamaza. Telegramu ya kuwaarifu wazazi wake ilifika tarehe 11 Novemba, siku ambayo kengele zililia kila mahali kutangaza kwamba vita vimekwisha.

Kazi yenyewe aliitabaruku kwa rafiki zake wanne. Watatu walikufa katika Vita vya Pili vya Dunia. Wa nne alitoka vitani akiwa hai, akajiua mwaka 1959.

Mwaka 1962 Kilatini kile hakikuwa kitu cha makumbusho. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulifunguliwa Oktoba mwaka huohuo, na kabla ya mageuzi yake Wakatoliki wa Peramiho na Bagamoyo waliwaombea wafu wao kwa maneno yaleyale ambayo Britten aliyatia kwenye noti. Yalikuwa maneno ya ibada hai, yenye mamlaka, na ndiyo maana aliyahitaji. Owen anapozungumza ndani ya Misa hiyo, hazungumzi pembeni. Anaijibu madhabahu.

Matabaka matatu

Kazi imegawanyika katika makundi matatu ya sauti, na bila kuyaelewa mtu hawezi kuelewa kwa nini rekodi ilikuwa na maana kubwa namna ile.

Kundi la kwanza ni kwaya kubwa, okestra nzima na mwimbaji mwanamke wa sauti ya kwanza. Hawa huimba Kilatini tu. Ni sauti ya umma unaoomboleza, wenye hofu na siku ya hukumu. Kundi la pili ni wanaume wawili, mmoja wa sauti ya tena na mwingine wa baritoni, wakisindikizwa na kikosi kidogo cha wapigaji 12. Hao ni askari wawili, na ndio wanaoimba mashairi ya Owen kwa Kiingereza. Kundi la tatu ni kwaya ya wavulana na kinanda kidogo, na mtunzi anataka wasikike kutoka mbali, kana kwamba vita na maombolezo ya watu wazima haviwahusu.

Kinachoyafunga makundi haya ni umbali wa noti mbili. Mwalimu yeyote wa kwaya anaweza kuujaribu: imba do, kisha ruka hadi fa iliyopandishwa nusu toni. Sikio halitulii, linataka kusogea. Wanamuziki wa Ulaya wa zamani waliuogopa umbali huu hata wakauhusisha na shetani. Britten anautoa kwenye kengele tangu dakika ya kwanza, anaurudisha tena na tena, na mara tatu tu, mwishoni mwa sehemu ya kwanza, ya pili na ya sita, kwaya inaimba pole pole bila vyombo hadi noti zile zinapata pa kutua.

Mabishano kati ya Misa na shairi yanafika kileleni katika sehemu ya tatu, Offertorium. Kilatini kinamkumbusha Mungu ahadi aliyompa Ibrahimu na uzao wake. Hapo wale askari wawili wanaingia na kisa cha Ibrahimu na mwanawe. Kila msomaji, awe wa msikitini au wa kanisani, anajua kinavyokwisha: kisu kinazuiwa, kondoo anachinjwa. Kwa Owen, malaika anaita, kondoo yupo, lakini mzee anakataa. Anamchinja mwanawe, na baada yake nusu ya uzao wa Ulaya, mmoja mmoja. Askari wanaporudia maneno hayo ya mwisho, wavulana kutoka mbali wanaendelea kuimba sadaka na sala kwa Kilatini, bila habari.

Britten hakuhitaji hotuba ya siasa. Aliweka maneno mawili matakatifu yakabiliane, basi.

Mwingereza, Mjerumani, Mrusi

Sehemu ya tena iliandikwa kwa ajili ya Pears. Kwa baritoni, Britten alimwandikia Dietrich Fischer-Dieskau, mzaliwa wa Berlin aliyeingizwa jeshini akiwa kijana mwaka 1943 na kumaliza vita akiwa mateka wa Wamarekani nchini Italia. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Galina Vishnevskaya wa Bolshoi, Moscow. Britten alimsikia katika tamasha lake la Aldeburgh mwaka 1961 na papo hapo akaamua kuwa ndiye. Vishnevskaya alikuwa binti wa Leningrad, na alinusurika jeshi la Ujerumani lilipouzingira mji huo na njaa ikaua watu kwa mamia ya maelfu. Kiingereza hakukijua, na sehemu yake yote ni ya Kilatini.

Maana ilikuwa wazi kwa kila aliyesoma majina hayo matatu: mataifa matatu yaliyoumizana yangesimama pamoja ubavuni mwa kanisa lililobomolewa na mojawapo ya mataifa hayo.

Wakuu wa Moscow nao waliielewa maana hiyo, na hawakuipenda. Waziri wa utamaduni, Yekaterina Furtseva, alimzuia Vishnevskaya. Kwa masimulizi ya mwimbaji mwenyewe, aliulizwa itakuwaje mwanamke wa Kisovieti asimame kati ya Mjerumani na Mwingereza katika kazi ya kisiasa. Ikabaki siku kumi hivi. Heather Harper, mwimbaji kutoka Ireland ya Kaskazini, alijifunza sehemu nzima katika muda huo na akaiimba kwa ushujaa ambao haustahili kusahauliwa.

Matatizo mengine hayakuwa na shujaa wa kuyatatua. Ndani ya kanisa la Spence mwangwi ulizichanganya sauti, na Britten alilalamika kwa maneno makali. Kwa kuwa makundi yalikaa mbalimbali, ilibidi waongozaji wawe wawili: Meredith Davies aliongoza okestra ya Birmingham na kwaya, Britten akabaki na kikosi kidogo. Bado, kazi iliwagusa watu. Fischer-Dieskau aliandika baadaye kwamba mwishoni alishindwa kujizuia, akawa anawaona rafiki zake waliokufa. Lakini kati ya yale matatu aliyoyapanga mtunzi, yaani waimbaji, umbali wa makundi na uwazi wa maneno, Coventry haikutimiza hata moja kikamilifu.

Ukumbi wa Kingsway

Mwanzoni mwa Januari 1963 Uingereza ilikuwa katikati ya baridi kali kuliko zote za karne ile. Decca waliwakusanya wanamuziki katika Kingsway Hall, ukumbi wa Wamethodisti uliofunguliwa mwaka 1912 karibu na Holborn. Haukuwa mahali pa starehe. Sakafu ilikuwa na mteremko, na treni za chini ya ardhi zilipita jirani, ngurumo yake ikipenya hadi kwenye mikanda. Msikilizaji mwenye spika nzuri anaweza kuisikia katika rekodi nyingi zilizofanyika pale. Ila ukuta, dari na ukubwa wa ukumbi ule viliipa sauti joto na nafasi bila kuitia ukungu, ndiyo maana Decca na mshindani wao EMI waliung'ang'ania kwa miongo. Ulifungwa miaka ya 1980 na ukabomolewa mwaka 1998.

Safari hii Moscow ilimruhusu Vishnevskaya. Fischer-Dieskau na Pears walikuwapo. Walikuwapo pia London Symphony Orchestra, kwaya yake, Bach Choir ya David Willcocks, wavulana wa shule ya Highgate, Simon Preston kwenye kinanda, na Melos Ensemble, kikosi kilekile kidogo kilichopiga Coventry. Britten aliongoza vyote peke yake.

Mtayarishaji alikuwa John Culshaw, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu bila yeye sanduku jeusi lingekuwa kumbukumbu nzuri tu. Tangu mwaka 1958 Culshaw alikuwa akirekodi mjini Vienna zile opera nne za Wagner zinazoitwa Ring. Mwaka huohuo santuri za stirio zilianza kuuzwa. Watayarishaji wengi waliziona spika mbili kama njia ya kuutandaza muziki kwa upana. Culshaw aliziona kama jukwaa. Kwa imani yake, rekodi haikupaswa kuiga kiti cha ukumbini. Ilipaswa kumjengea msikilizaji tamthilia ndani ya masikio yake, kwa mbinu ambazo ukumbi hauna.

Sasa tazama alichopewa: kazi ambayo tayari imeandikwa kwa umbali. Askari karibu, umma nyuma yao, wavulana mbali. Kile ambacho Coventry kilikuwa kero, kwa Culshaw kilikuwa zawadi. Desturi ya Decca ilikuwa kusimika maikrofoni tatu kwenye fremu ya umbo la T juu ya kichwa cha mwongozaji, kisha kuongeza nyingine pembeni. Fundi mkuu wa sauti alikuwa Kenneth Wilkinson, aliyeujua ukumbi ule kona kwa kona. Walichotengeneza ni kina. Ukisikiliza unapata hakika ya mahali alipo kila mmoja: pumzi ya Pears iko mbele yako, kwaya ipo hatua nyingi nyuma, na wavulana wako nje ya chumba.

Mpangilio huo ulizua zogo ambalo Culshaw alilisimulia katika kumbukumbu zake. Vishnevskaya alipofika aliona kwamba wanaume wawili wamewekwa mbele karibu na mwongozaji, ilhali yeye ametengwa pamoja na kwaya. Kwa mtu wa Bolshoi hiyo ilikuwa dharau: msanii mkuu hatupwi nyuma. Maelezo kwamba yeye ni sauti ya Kilatini, na Kilatini kipo upande ule, hayakumwingia. Alijilaza sakafuni, akapiga mayowe. Kesho yake alirudi, akasimama pale pale alipopangiwa, akaimba kana kwamba hapakuwa na lolote.

Na alivyoimba! Sauti yake ni kali, ya chuma, isiyoomba radhi. Wapo wakosoaji waliosema ni ya opera mno kwa misa. Lakini isikilize katika Dies irae, pale anapotangaza kitabu cha hukumu kufunguliwa. Hicho si kilio cha mfiwa. Ni hakimu anayesoma mashtaka. Harper aliimba kwa uzuri zaidi, Vishnevskaya kwa kutisha zaidi, na sehemu ile iliandikwa itishe.

Tunachokisikia

Sehemu sita zimejaa pande nne za santuri. Sina nia ya kuzieleza zote. Nitaonyesha sehemu tatu ambazo rekodi inafanya kazi yake hasa.

Ya kwanza ni Sanctus. Mwimbaji wa kike anaanza peke yake juu ya kengele na vyombo vya chuma vinavyometameta. Halafu Britten anaipa kwaya agizo la ajabu: kila mmoja aimbe maneno kwa mwendo wake, bila kufuatana, kwa sauti inayopanda. Kanisani kelele hiyo huzama katika mwangwi. Hapa unausikia umati ukiwa umati, mamia ya vinywa vinavyonong'ona hadi vinalipuka, na bado hujapoteza hisia kwamba ni watu.

Ya pili ni Agnus Dei, fupi kuliko zote. Pears anaimba juu ya msalaba wa barabarani ulioharibiwa vitani, kwaya ikimjibu kwa Kilatini polepole, tabaka mbili zikienda pamoja bila kugombana kwa mara ya kwanza. Mwishoni askari huyu anaiacha lugha yake na kuimba ombi la amani kwa Kilatini. Katika kazi nzima hiyo ndiyo mara pekee mwanaume wa mbele anavuka kwenda upande wa Misa. Kwa sababu Culshaw ametenganisha pande hizo kwa uangalifu tangu mwanzo, kuvuka huko kunasikika.

Ya tatu ni Libera me. Inaanza na ngoma kwa mwendo wa maandamano, inakua hadi okestra yote inapasuka, kisha kila kitu kinaporomoka na kubaki askari wawili gizani, katika shimo chini ya uwanja wa vita. Mmoja anamwambia mwenzake kwamba yeye ndiye adui ambaye mwenzake huyo alimuua jana. Mwenye kuimba maneno hayo ni Fischer-Dieskau. Kiingereza chake kina lafudhi, na lafudhi hiyo inafanya kazi ambayo hakuna mwalimu wa matamshi angeweza kuifanya, kwa maana ni Mjerumani kweli, aliyevaa sare kweli, anayezungumza na Mwingereza. Wanapoanza kujiimbia usingizi, makundi yote matatu hatimaye yanaungana, wavulana, umma na askari, kwa dakika chache, hadi kengele zinapolia tena noti zile mbili.

Mkanda wa siri

Wakati wa mazoezi Culshaw aliwaagiza mafundi waache mashine ziendelee kuzunguka. Britten hakuambiwa. Maneno yake kwa waimbaji na wapigaji yakanaswa: akisahihisha, akitania, akisifu, akirudia mstari mpaka ukae. Culshaw aliyachagua, akayaweka kwenye santuri maalumu, na kumzawadia Britten alipotimiza miaka 50, tarehe 22 Novemba 1963.

Britten hakufurahi hata kidogo. Aliona ameingiliwa katika eneo lake la faragha, mahali ambapo mwanamuziki ana haki ya kukosea bila shahidi. Culshaw alijutia nia yake njema. Mazoezi hayo yalitolewa hadharani mwaka 1999, Britten akiwa amefariki miaka 23 kabla, na leo yamo kwenye matoleo mengi ya rekodi hii. Tunafaidika nayo, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwenyewe hakutaka tuyasikie, na anayeyasikiliza ajue hivyo.

Sifa na lawama

Mwaka 1964 rekodi ilipata tuzo tatu za Grammy: albamu ya muziki wa kiklasiki ya mwaka, uimbaji bora wa kwaya, na utunzi bora wa mtunzi aliye hai. Tuzo hazikuwa jambo kubwa kuliko yote. Sanduku lilifika Moscow, kwa Dmitri Shostakovich. Katika barua kwa rafiki yake, kiangazi cha 1963, aliandika kwamba analipiga na kustaajabia, akaiweka kazi hiyo daraja moja na tungo kuu za Mahler. Miaka sita baadaye alimtabarukia Britten Simfonia yake ya 14. Serikali iliweza kumzuia mwimbaji asisafiri. Santuri ilivuka mpaka ikarudi na sauti yake hadi nyumbani.

Igor Stravinsky, kwa upande wake, alikejeli. Alilalamika kwamba kazi imesifiwa kiasi kwamba kuikosoa ni sawa na kukataa kusimama wimbo wa taifa unapopigwa. Alikuwa na wivu kidogo, lakini alikuwa na hoja. Kazi iliyotabarukiwa wafu na kufungwa katika sanduku jeusi hujikinga na maswali.

Basi na sisi tuulize letu. Wazee wetu walikuwamo katika vita vya Owen. Kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, Von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 21 baada ya Owen kuuawa. Kufikia hapo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wamekufa kwa njaa, maradhi na mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Mzee katika shairi la Owen anachinja uzao wa Ulaya, na meza ya upatanisho ya Britten ina viti vya Ulaya tu. Hili halimfanyi mwongo. Linaonyesha mpaka wa macho yake, na msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana haki ya kuuona mpaka huo huku akiuheshimu muziki.

Rekodi nyingine zimefuata, baadhi nzuri sana. Simon Rattle alifanya yake na okestra ya Birmingham mwaka 1983. Richard Hickox aliirekodi mwaka 1991 na kumpa nafasi Heather Harper, karibu miaka 30 baada ya zile siku kumi za haraka, na ni haki iliyochelewa ila ikafika. Hata matangazo ya BBC ya usiku wa Coventry yametolewa, kwa hiyo sasa yeyote anaweza kulinganisha. Ukilinganisha utakuta moto wa usiku ule ni wa kweli, na pia utakuta maneno ya Owen yanapotea mara kwa mara. Mwaka 1989 Derek Jarman alipotengeneza filamu kutokana na kazi hii, alichukua rekodi ya 1963 na kuijengea picha juu yake.

Jinsi ya kuisikiliza

Linabaki jambo moja, na ni Britten mwenyewe aliyelisema. Katika hotuba aliyoitoa Aspen, Marekani, mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya mafanikio haya, alidai kwamba adui mkuu wa muziki ni spika. Hakuwa mnafiki. Hofu yake ilikuwa kwamba kazi takatifu inaweza kupigwa wakati wowote, watu wakinywa na kupiga soga, bila aliyejiandaa wala aliyetoka jasho kuifikia. Muziki, kwa maoni yake, unamdai msikilizaji jitihada sawa na unavyomdai mwimbaji.

Culshaw alimpa mtunzi kile ambacho kanisa halikumpa: waimbaji aliowataka, umbali alioukusudia, na kila neno likisikika. Britten alituachia sharti la kukipokea. Siku hizi rekodi hii ipo kwenye simu ya yeyote mwenye bando, kati ya tangazo na tangazo, na sharti lile limekuwa zito kuliko mwaka 1964.

Kwa hiyo, msomaji, usiianze kwa kipande cha dakika tatu. Tafuta kwanza maneno ya mashairi tisa ya Owen na ya Misa, uyasome mara moja kabla ya kusikiliza. Tenga saa moja na nusu. Tumia spika mbili au visikilizio, kwa kuwa kina cha Kingsway hakiingii katika spika moja ya simu. Uwe na maneno mkononi, na usikatize. Ukishindwa kupata muda huo wiki hii, ngoja wiki ijayo. Kazi hii haiharibiki kwa kungojwa, inaharibika kwa kusikilizwa nusu.